KUWAKA SI KUWA SAWA



Mwanadamu hudanganyika kwa mambo mengi, na katika yanayomdanganya upesi ni kuona kitu kinakwenda. Akiona duka linauza, husema biashara ni njema. Akiona nyumba haina kelele, husema ndoa ni salama. Akiona gari limewaka na kutembea, husema fundi amemaliza kazi yake. Kumbe kwenda ni jambo moja na kuwa sawa ni jambo jingine, na baina ya mawili hayo ndipo inapokaa amana ya mtu.

Makala hii inaizungumza amana hiyo katika jambo dogo mno, nalo ni jino moja la mkanda wa injini. Usiseme, "Haya ni ya mafundi, mimi si fundi." Wewe unapanda gari, na mwanao anapanda, na mzee wako anapelekwa hospitali kwa gari. Tena ndani ya jino hilo mna suali ambalo kila mmoja wetu hulikuta katika kazi yake, awe mshoni, mwalimu, muuza duka au mama wa nyumba: mtu akikosea pahala ambapo hapana atakayeona, na kazi ikawa bado inakwenda, je, yampasa kuifungua tena?

Mkono wa mtu usiyemjua

Chukua mfano wa Buswelu. Ni mji ulio katika Ilemela, mkoa wa Mwanza, nje kidogo ya jiji, katika nchi ya vilima na mawe makubwa karibu na Ziwa Viktoria. Hapo ndipo yalipo makao ya Manispaa ya Ilemela. Kutoka Dar es Salaam mpaka huko ni zaidi ya kilomita 1,100 za barabara. Lakini umbali huo haukutenga watu. Wapwani wengi wana jamaa zao huko, na wao wana jamaa huku, na magari yanakwenda na kurudi.

Gari huteremshwa bandarini Dar es Salaam au Mombasa likiwa limekwisha tumika miaka kadhaa Japani. Linafika kanda ya ziwa na ndani yake mna mkanda ambao aghlabu hapana ajuaye umri wake. Huko litafunguliwa na fundi wa mtaani, na pengine wiki ya pili litakuwa njiani kuja Tanga na watoto ndani. Kwa hiyo mkono wa fundi wa Buswelu unashika uhai wa mtu wa pwani ambaye hajapata kumuona, kama vile mkono wa fundi wa Mombasa unavyoshika uhai wa mtu wa Mwanza.

Injini na wakati wake

Injini ya gari ina mihimili miwili inayozunguka. Wa chini huitwa krankshafti, nao huzungushwa na pistoni zinazopanda na kushuka. Wa juu huitwa kamshafti, nao hufungua na kufunga valvu, yaani milango midogo ya kuingizia hewa na kutolea moshi. Wa chini ukizunguka mara mbili, wa juu huzunguka mara moja tu, kwa sababu kazi ya silinda ina hatua nne: kuvuta hewa, kuikandamiza, kuripuka, na kutoa moshi. Kila mlango una wakati wake wa kufunguka na wakati wake wa kufungwa. Ukitangulia kidogo au ukichelewa kidogo, pumzi ya injini huharibika.

Katika magari mengi kinachoiunganisha mihimili hiyo miwili ni mkanda wa mpira wenye meno kwa ndani, ambao mafundi wetu huuita mkanda wa taimingi. Magari ya kuuzwa kwa wingi yenye mkanda wa namna hii yalianza kutengenezwa Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kabla yake kazi hiyo ilifanywa na gia au mnyororo wa chuma, na magari mengi mapya ya siku hizi yamerudi kwenye mnyororo. Mpira huchakaa. Injini nyingi za Toyota zenye mkanda zimewekewa muda wa kilomita 100,000 hivi, na baadhi ya zile za dizeli, kama za Hiace za zamani, zina taa katika dashibodi inayomkumbusha dereva kwamba muda umefika.

Wala usidhani kwamba elimu ya mihimili hii ni ngeni kwa Waislamu. Mwaka 1206 bwana mmoja aitwaye al-Jazari, aliyekuwa fundi wa wafalme wa Banu Artuq huko Diyarbakir, alimaliza kitabu chake cha mitambo kwa lugha ya Kiarabu. Ndani yake alieleza mashine za kupandisha maji zinazotumia mhimili wa mkono uliopinda, na mihimili yenye vinundu vya kuinua na kuangusha vitu, nayo inafanana kwa kanuni na hiyo krankshafti na kamshafti tunazozitaja leo. Alieleza pia saa za maji, na mashuhuri katika hizo ni ile ya umbo la tembo. Mtazamaji alimuona tembo na ndege, akastaajabu. Lakini ukweli wa saa haukuwa katika tembo wala ndege. Ulikuwa katika tundu dogo la bakuli lililofichwa tumboni, ambalo lilijaa maji na kuzama kila nusu saa. Tundu likikosewa kipimo, ndege ataendelea kulia, na saa itasema uwongo.

Hali ya mkanda wa taimingi ni hiyo hiyo. Ukweli wake umefunikwa.

Alama mbili, mashahidi wawili

Fundi anapobadili mkanda hafuati sikio wala mazoea yake. Hufuata alama. Mtengenezaji wa injini ameweka alama katika gia ya chini na alama katika gia ya juu, na kila moja ina mwenziwe uliochorwa katika mwili wa injini. Fundi huizungusha injini kwa spana mpaka pistoni ya silinda ya kwanza iwe juu kabisa, na alama zote zikabiliane na wenziwe. Hapo ndipo huutoa mkanda wa zamani. Mkanda ukiwa nje, haizungushi mihimili ovyo. Huvisha mkanda mpya, akahakikisha upande usio na tenshona, yaani gurudumu la kukazia mkanda, umenyooka bila ulegevu, kisha huiachia tenshona ikaze.

Fundi wa kweli haishii hapo. Huizungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili ya krankshafti, pole pole, kisha hutazama alama upya. Kwa nini miwili? Kwa sababu alama ya chini hukaa sawa kila mzunguko mmoja, hali ya juu hukaa sawa kila mizunguko miwili. Anayetazama ya chini peke yake aweza kuiona imenyooka kabisa, kumbe ya juu iko upande wa pili. Zatakiwa zote zishuhudie kwa wakati mmoja, kama mashahidi wawili mbele ya kadhi. Na katika injini za dizeli ambazo mkanda huo huo huzungusha na pampu ya dizeli, kuna alama ya tatu.

Kosa hutokea vipi? Hutokea kwa urahisi mno. Mkanda unapovishwa, gia ya juu husukumwa kidogo na nguvu za springi za valvu. Au fundi hutazama alama kwa pembeni asiitazame kwa mbele. Au tenshona inapokazwa, ulegevu uliokuwa umejificha upande wa pili huvutwa, na gia huruka jino moja.

Jino moja ni kitu gani? Tuseme gia ya chini ina meno 20 na ya juu ina meno 40. Kuruka jino moja juu ni digrii 9 za kamshafti, nazo ni digrii 18 za krankshafti. Kwa macho ni unene wa kidole. Kwa injini, kila mlango katika silinda zote utafunguka na kufungwa kwa wakati usio wake, mara maelfu kwa kila dakika.

Pamoja na hayo gari litawaka. Hilo ndilo jambo la kuliangalia sana, msomaji. Lau kuwa kwa jino moja injini ingekataa kuwaka, pasingekuwa na suali la amana, kwani fundi angelazimika kufungua. Lakini linawaka. Linavuta kwa uzito kidogo mlimani, linakula mafuta zaidi, linatetemeka likisimama, na mwenyewe husema, "Gari limezeeka."

Hila ya distribyuta

Sasa tufike penye shina la jambo. Tuseme fundi amemaliza, amefunika, amefunga puli na mikanda ya nje, amewasha, na sikio lake limemwambia kuna kasoro. Jua limekuchwa. Mwenye gari amekaa juu ya tairi anatazama saa. Mbele ya fundi zipo njia mbili.

Ya kwanza ni ndefu: kufungua tena, kuurudisha mkanda kwenye alama, kuzungusha mara mbili na kutazama. Ni kazi ya saa kadhaa, na malipo ni yale yale.

Ya pili ni fupi. Katika injini za petroli za zamani kidogo, moto wa plagi hugawanywa na distribyuta, nayo huzungushwa na kamshafti. Kamshafti ikikosea jino, na moto hukosea pamoja nayo. Fundi akilegeza bolti ya distribyuta na kuizungusha kidogo, ataurudisha moto kwenye wakati wake. Injini itatulia. Mngurumo utakuwa mzuri. Akiweka hata taa ya kupimia moto, kipimo kitasoma vyema. Lakini valvu zimebaki pale pale zilipokosewa. Kilichorekebishwa ni kile kinachosikika, na kilichokosewa kimezidi kufichika, maana hata ile dalili iliyokuwa ikimlalamikia mwenye gari sasa imenyamazishwa.

Magari ya karibuni hayana distribyuta, lakini hila haikufa. Yana kompyuta inayolinganisha mzunguko wa chini na wa juu, na ikiona havikubaliani huwasha taa ya onyo. Basi wapo wanaoifuta taa hiyo kwa mashine, gari likaondoka na dashibodi safi. Kuifuta taa hakurudishi jino. Safari ya pili au ya tatu taa itawaka tena, na wakati huo gari liko mbali.

Ewe msomaji, itazame hila hii vizuri, kwani inatuhusu sote. Ni mara ngapi mtu hukosea katika asili ya jambo, kisha badala ya kuirudia asili hurekebisha kile kinachosikika? Mume aliyemdhulumu mkewe humnunulia khanga, na neno la dhuluma halitajwi. Mfanyabiashara aliyekopa asilipe huzidisha ukarimu mbele za watu. Mwalimu ambaye wanafunzi wake hawakufahamu somo huwapa maksi ili mzazi atulie. Khanga ni njema, ukarimu ni mwema, na maksi hufurahisha, kama vile distribyuta iliyotulia inavyofurahisha. Lakini vyote hivyo vimetumika kuinyamazisha dalili ili ugonjwa usitafutwe.

Udhuru anaoutoa mtu

Mtu hatendi jambo kama hili ila nafsi yake imempa udhuru. Tuutazame udhuru huo kwa insafu, kwa sababu wanaoutoa si watu waovu wote. Wengi wao ni maskini wanaotafuta rizki ya halali.

Wa kwanza husema, "Gari linatembea." Jawabu lake liko katika lile Ziwa lililo karibu na Buswelu. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipinduka ikikaribia Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, na watu zaidi ya 220 wakafa. Vyombo vyote viwili vilikuwa vimebeba watu kupita kipimo. Na vyote viwili viliondoka gatini vikitembea. Aliyekuwa amesimama ufukoni angeliapa kwamba mambo ni salama. Kosa lililoshinda kipimo halikungojea gatini ili lionekane. Lilingojea mpaka watu walipokuwa majini. Na mkanda ni hivyo. Uliokosewa jino, tena ukavishwa na tenshona iliyochoka, waweza kuruka jino jingine katika mteremko. Na zipo injini, khasa za dizeli, ambazo nafasi baina ya pistoni na valvu ni ndogo mno. Meno yakizidi kukosana, chuma hupiga chuma, valvu hupinda, na gari husimama hapo hapo, likiwa na lori nyuma yake.

Wa pili husema, "Alinilipa kidogo." Kweli, huenda alilipa kidogo. Lakini malipo hupatanwa kabla ya kazi, na aliyekubali bei amekubali kazi ile. Fundi ana haki ya kukataa bei ndogo mchana kweupe. Hana haki ya kuikubali kisha akaipunguza kazi gizani. Huko ni kupunja kipimo, na msomaji anajua kwamba katika Kurani mna sura nzima, ya 83, iliyopewa jina la wanaopunja vipimo. Asidhani mtu kwamba kipimo ni cha mchele na nguo peke yake. Digrii za kamshafti nazo ni kipimo.

Wa tatu husema, "Sikukusudia." Huyu ndiye mwenye udhuru ulio karibu na haki, na mpaka saa aliyokosea tunamsadiki. Kukosea si khiyana. Lakini udhuru wa kutokukusudia huisha pale mtu anapojua. Mkanda uliovishwa vibaya saa kumi bila kujua ni kosa. Mkanda ule ule ulioachwa saa kumi na mbili kwa kujua ni jambo jingine, ingawa hapana bolti hata moja iliyoguswa baina ya saa hizo mbili. Kilichobadilika ni elimu yake, na elimu huleta wajibu.

Msomaji anakijua kisa cha muuzaji wa sokoni Madina, ambaye Mtume wetu (S.A.W.) alitia mkono katika lundo lake la chakula, vidole vikakuta umajimaji ndani. Mvua ndiyo iliyokirowesha chakula kile, muuzaji hakukirowesha. Lawama haikuwa kwa sababu ya mvua. Ilikuwa kwa sababu kilichorowa kilikuwa chini na kikavu kilikuwa juu, na mnunuzi haoni ila cha juu. Mfuniko wa mkanda wa taimingi ni hilo lundo kavu.

Nani atalipa?

Hapa huja suali linalowagombanisha watu katika gereji zote: valvu zikipinda kwa ajili ya mkanda uliovishwa vibaya, gharama ni ya nani?

Wanavyuoni wetu waliizungumza amana ya mafundi karne nyingi kabla ya motokaa, kwa mifano ya dobi, mshoni na mpaka rangi wa nguo. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wa watu wa pwani, kauli yenye nguvu ni kwamba mkono wa fundi ni mkono wa amana: halipi kilichoharibika mikononi mwake ila akiwa amefanya taadi au uzembe. Abu Yusuf na Muhammad bin al-Hassan, wanafunzi wakubwa wa Abu Hanifa, walikaza zaidi. Wakasema fundi wa watu wote hulipa ila likimfika lisiloepukika, mfano wa moto mkubwa. Na hata Abu Hanifa mwenyewe, aliyeona kwamba mali iliyo mkononi mwa fundi ni amana, alisema kilichoharibiwa na kazi ya mkono wake, kama nguo inayochanika kwa kupigwa na dobi, ni juu yake.

Tazama jinsi walivyopambanua. Walitaka kumlinda mwenye mali asipotezewe, na walitaka kumlinda fundi asibebeshwa kila ajali ya ulimwengu. Mkanda mpya ukikatika kwa sababu ulitengenezwa vibaya kiwandani, na fundi aliuvisha kwenye alama zake na kuzungusha mara mbili na kutazama, huyo ametimiza amana. Lakini aliyeacha kutazama alama ameingia katika uzembe. Na aliyeona, akajua, akazungusha distribyuta na kupokea pesa, huyo amevuka uzembe. Shauri lako khasa mpelekee mwanachuoni wako na mafundi wawili wenye ujuzi. Sisi hapa twaonyesha mlango tu.

Sehemu ya mwenye gari

Mpaka hapa huenda msomaji mwenye gari anatikisa kichwa kwa kuridhika, akisema, "Waambie, waambie mafundi hao!" Basi nakuomba usubiri, kwani nawe una alama yako ya kutazamwa.

Ni nani aliyemwambia fundi, "Tenshona iache, nunua mkanda peke yake"? Ni nani aliyeleta mkanda uliotumika kwa kuwa ni rahisi? Ni nani aliyesema, "Nalitaka kabla ya magharibi," kwa kazi anayojua haiishi kabla ya magharibi? Na lililo kubwa kuliko yote: siku fundi alipokuja na uso wa haya akasema, "Mzee, nimeukosa mkanda jino moja, niachie gari mpaka kesho niufungue tena," ulimjibu nini?

Kama ulimtukana, ukamtangaza mtaani kwamba hajui kazi, ukampelekea jirani anayejua kuzungusha distribyuta na kutabasamu, basi elewa ulilofanya. Umemwadhibu msema kweli na umemlipa mficha kosa. Na hukumfundisha yeye peke yake. Pembeni amesimama kijana wa spana, wa miaka kumi na sita au kumi na saba, anayejifunza ufundi. Amesikia. Tangu siku ile amejua kwamba katika kazi hii ukweli hutukanwa na hila hulipwa. Baada ya miaka kumi atakuwa na gereji yake, na magari mia yatapita mikononi mwake. Hayo nayo yamo katika hesabu yako.

Haisemwi kwamba mwenye gari alipe mara mbili kwa kosa la fundi. La! Kazi ya kufungua tena ni juu ya aliyekosea. Yasemwa tu kwamba ngoja ya siku moja, na neno jema, ni thamani ndogo kwa kununua ukweli. Mwambie, "Ahsante kwa kuniambia. Fungua, mimi nitapanda daladala leo." Maneno hayo hayazidi pumzi moja, na huenda yakaokoa roho ya mtu katika mteremko ambao wewe hutaupita.

Kadhalika mwenye gari ana haki ya kuuliza, na kuuliza si kumtuhumu mtu. Kabla mfuniko haujarudishwa, mwambie fundi akuonyeshe alama. Fundi mwenye amana hafurahii jambo kama mtu anayetaka kuona. Atakuonyesha ya chini na ya juu, atazungusha mara mbili mbele yako, kisha ataandika kwa rangi au karatasi tarehe na kilomita za siku ile, ili atakayelifungua baadaye, Buswelu au Mombasa, ajue umri wa mkanda. Haya yote hayana gharama.

Kuirudia alama

Lililobaki ni moja, nalo ndilo tulilolikusudia tangu mwanzo. Katika mkanda wa taimingi hapana marekebisho ya nusu. Huwezi kulikata jino. Huwezi kuuvuta mkanda kidogo ukaridhiana nao. Njia ya kusahihisha ni ile moja: kufungua ulichokifunga, kuulegeza mkanda, kuirudisha kila gia kwenye alama yake, na kuanza upya. Aliyekosea jino moja na aliyekosea meno matano wanarudi njia ile ile. Tofauti yao ni kwamba wa jino moja aweza kujidanganya kwamba si lazima arudi.

Na alama hiyo hakuiweka fundi. Iliwekwa kabla yake na aliyeijua injini kuliko yeye, na haibadiliki kwa sababu jua limekuchwa, au mteja ana haraka, au mafundi wa jirani wameizoea hila. Kila kazi ina alama ya namna hiyo. Mshoni anaijua yake, mwalimu anaijua yake, mzazi anaijua yake. Aghlabu mtu hapotei kwa kutoijua alama. Hupotea kwa kuwa mfuniko umekwisha fungwa na kuufungua kuna tabu na haya.

Basi ndugu yangu, na dada yangu, kabla hujalala leo, itazame kazi moja uliyoimaliza na watu wakaisifu. Usiulize kama inakwenda, kwani hilo walikwisha kukuambia. Jiulize kama iko kwenye alama. Ukiona iko, mshukuru Mola wako. Ukiona imekosa jino, usiitafute distribyuta. Chukua spana asubuhi, mwambie mwenye mali, ufungue.

Na taufiki ni kwa Mwenyezi Mungu.